Tyuna ya kubana inapotofautiana na masikio: dalili na vyanzo kwa wapiga mandolini na ala nyingine za nyuzi

Tyuna ya kubana, yaani kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kichwa cha ala ili kuonyesha kama uzi umekazwa kwa noti sahihi, haisikilizi hewa. Ndani yake mna kipande chembamba cha piezo, yaani mada inayotoa umeme kidogo kila inapobanwa au kutikiswa, sifa iliyobainishwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Kipande hicho hupokea mtetemo wa mbao mahali kibanio kilipoishika ala, kisha saketi ndogo huhesabu mtetemo huo unajirudia mara ngapi kwa sekunde na kuonyesha jina la noti iliyo karibu zaidi. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kutyuni katikati ya watu wanaozungumza. Hasara yake ndiyo inayozaa malalamiko mengi: kifaa kinasoma mtetemo uliofika kwenye kichwa cha ala, na mtetemo huo unaweza kuwa tofauti na noti ambayo mpigaji alidhani anaipiga. Kwa hiyo, kila tyuna inapotoa jibu la ajabu, swali la kwanza la kujiuliza ni nini hasa kilichotikisa kichwa cha ala wakati huo.

Mandolini ya kawaida ina nyuzi nane zilizopangwa katika jozi nne: G ya 196 Hz (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), D ya 293.7 Hz, A ya 440 Hz na E ya 659.3 Hz, mpangilio ule ule wa fidla. Umbali kati ya noti moja na inayoifuata, yaani nusu toni, hugawanywa katika sehemu 100 zinazoitwa senti, na mshale au taa za tyuna huonyesha noti imezidi au imepungua kwa senti ngapi.

Tyuna haiwaki, au inawaka na kufifia

Hapa pana machache ya kusema. Tyuna nyingi hutumia betri bapa ya CR2032, yenye volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kifaa kipya mara nyingi huja na kipande cha plastiki kilichopachikwa kati ya betri na chuma ili isiishe ikiwa dukani, na kipande hicho kisipovutwa tyuna haitawaka kamwe. Betri iliyogeuzwa huleta dalili hiyo hiyo. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida ndio unaoelekea kifuniko. Kioo kinachofifia, au kinachowaka vizuri kisha kuzimika pindi uzi unapopigwa, ni dalili ya betri iliyokaribia kwisha au ya vyuma vya kugusia betri vilivyochafuka, ambavyo husafishwa kwa kitambaa kikavu. Kuzimika baada ya dakika chache bila kupiga chochote si hitilafu, kwa sababu tyuna nyingi hujizima zenyewe ili kutunza betri.

Jambo moja la usalama lisipuuzwe: betri hizi zikimezwa na mtoto zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa chache, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kirekebishwe mapema na betri zilizokwisha zisiachwe mezani.

Tyuna inawaka lakini haionyeshi noti yoyote

Baadhi ya tyuna zina njia mbili za kusikia, yaani piezo na maikrofoni, na kitufe kidogo cha kuchagua kati ya hizo mbili ni rahisi kubonyezwa kwa bahati mbaya. Ikiwa tyuna inashtuka unapopiga makofi au kuzungumza karibu nayo, basi iko kwenye maikrofoni. Irudishe kwenye mtetemo.

Kama haishtuki kwa lolote, tazama namna ilivyobanwa. Kibanio kinapaswa kushika mbao kwa sehemu yake yote yenye mpira, pande zote mbili, wala si kwa ncha tu. Mpira uliodondoka au kugeuka mgumu kwa uzee hupunguza mgusano, na springi iliyolegea hufanya hivyo hivyo. Watu wengi hubana tyuna juu ya kifuniko cha plastiki kilichopo katikati ya kichwa au juu ya bamba la chuma la funguo za kukazia nyuzi, mahali ambapo mtetemo hufika umedhoofika au umechanganyika na mtikisiko wa skrubu. Isogeze hadi kwenye mbao tupu. Hata umbali wa sentimita mbili au tatu unaweza kubadili mambo, kwa sababu kichwa cha ala hakitikisiki sawasawa kila mahali: noti fulani hukitikisa sana ncha yake, nyingine hukitikisa zaidi karibu na shingo. Uzi mmoja ukisomeka vizuri na mwingine ukakataa kabisa, usilaumu uzi kabla ya kujaribu upande wa pili wa kichwa.

Umbo la ala nalo lina neno lake. Mandolini zenye kichwa kilichochongwa kwa nakshi na ncha zilizopinda huacha nafasi ndogo iliyonyooka, na mara nyingi mahali panapofaa ni ukingo wa juu, kati ya ncha mbili. Udi una kisanduku cha vigingi kilichokunjwa kuelekea nyuma, kwa hiyo tyuna hubanwa kwenye ukuta wa pembeni wa kisanduku hicho na kioo kugeuzwa kumwelekea mpigaji. Kwenye fidla ukuta wa kisanduku cha vigingi pia ndio unaofaa; kubana kwenye daraja, yaani kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya mwili wa ala, husomeka vizuri sana, ila uzito wa kifaa huifubaza sauti, kwa hiyo kitolewe kabla ya kupiga.

Tyuna inaonyesha noti isiyo yenyewe

Anza na hali ya kusoma. Tyuna nyingi zina hali ya kromatiki, ambayo huonyesha noti zote 12, pamoja na hali maalumu za gitaa, besi, fidla na ukulele. Ikiwa imewekwa kwenye hali ya gitaa, itajaribu kulinganisha kila inachosikia na nyuzi sita za gitaa, na uzi wa mandolini ulioshuka sana unaweza kupewa jina lisilohusika kabisa. Mpiga mandolini atumie kromatiki, au fidla kama ipo. Mimi napendelea kromatiki kwa ala zote, kwa sababu inasema ilichosikia bila kukisia mtu alikusudia nini. Tyuna nyingine zina kipengele cha kushusha noti zote kwa nusu toni, kinachooneshwa kwa alama ya flati pembeni mwa kioo. Kikiwa kimewashwa, ala nzima itatyuniwa chini na mpigaji asijue mpaka akutane na wenzake.

Ikiwa hali ya kusoma ni sahihi na bado uzi wa G unaonyesha D, hapo kuna chanzo kinachovutia zaidi. Uzi unaopigwa hautoi masafa moja, yaani idadi moja tu ya mitetemo kwa sekunde. Uzi wa G wa 196 Hz hutikisika pia kwa 392, kwa 588 na kuendelea, na masafa haya ya juu huitwa hamoniki. Hamoniki ya pili ni G ile ile oktava moja juu, yaani kwa masafa maradufu, kwa hiyo jina la noti halibadiliki. Hamoniki ya tatu, ya 588 Hz, ni D. Kichwa cha ala kikiwa kidogo na chepesi, kama kilivyo cha mandolini, kinaweza kuitikia hamoniki ya tatu kwa nguvu kuliko noti ya msingi, na tyuna ikaamini ndiyo iliyopigwa. Kwa njia hiyo hiyo uzi mnene wa E wa gitaa, wenye 82.4 Hz, husomeka mara kwa mara kama B. Gitaa la besi huteseka zaidi: E yake ya chini ni 41.2 Hz tu, na tyuna nyingi za kubana hushindwa kuikamata.

Tiba inatokana na mahali pa kupigia. Uzi ukipigwa kwa nyama ya kidole gumba juu ya freti (ukingo wa chuma ulio kwenye shingo) ya saba, yaani theluthi moja ya urefu wake kutoka upande wa kichwa, hamoniki ya tatu hainyanyuki, kwa kuwa hapo ndipo uzi unapotulia wakati wa mtetemo huo. Kwa besi njia bora ni kugusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, kisha kuupiga na kuondoa kidole: hutoka noti safi ya oktava moja juu, hamoniki ya tatu ikiwa imekufa, na tyuna huisoma bila shida.

Tahadhari ihusuyo uzi wa E wa mandolini. Tyuna nyingi huonyesha jina la noti bila kueleza ni ya oktava gani, wala hazisemi kama D inayoonekana iko toni moja chini ya E unayoitafuta au imeshapita juu sana. Uzi huo una unene wa robo ya milimita hivi na hukatika kwa urahisi. Kabla ya kuendelea kukaza, ulinganishe kwa sikio na uzi wa A uliobanwa kwenye freti ya saba, ambao hutoa E hiyo hiyo.

Onyesho la A yenye shapu (nusu toni juu ya A) mahali ulipotarajia B yenye flati (nusu toni chini ya B) si kosa. Kwa tyuna hizo ni noti moja yenye majina mawili.

Mshale hautulii

Dalili hii ndiyo inayowachosha watu zaidi, na ina vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje.

Chanzo cha kwanza ni nguvu ya mkono. Uzi unaovutwa kwa nguvu hurefuka kidogo, mvutano wake huongezeka, na noti huanza ikiwa juu kisha hushuka kadiri mtetemo unavyopungua. Mshale ukiruka kulia na kuteremka taratibu kila unapopiga, piga kwa wastani, tena kwa nguvu ile ile unayotumia katika muziki wenyewe, halafu soma sekunde moja baada ya kupiga. Anayetyuni kwa mguso mwepesi mno na kisha kupiga kwa nguvu zote atasikika yuko juu katika muziki, ingawa tyuna ilimkubalia.

Chanzo cha pili kinaihusu mandolini na ala zote za jozi, zikiwemo udi na gitaa la nyuzi 12. Kipande cha kupigia kikigusa nyuzi zote mbili za jozi, kichwa hupokea mitetemo miwili iliyokaribiana, na tyuna huyumba kati yake bila kuamua. Uzi mmoja uzimwe kwa ncha ya kidole wakati mwingine unatyuniwa. Mkono wa kushoto ukiwa unageuza ufunguo, kidole kimojawapo cha mkono wa kulia kinaweza kulalia uzi usiohusika huku kipande cha kupigia kikivuta ule mwingine kutoka upande wa nje wa jozi. Kwa mgeni ni shughuli, lakini mkono huzoea.

Chanzo cha tatu ni nyuzi ambazo hazikupigwa kabisa. Ukipiga A kwenye mandolini, uzi wa D huitikia kwa hamoniki yake ya tatu, ambayo ni A ya juu, na vipande vifupi vya nyuzi vilivyoko nyuma ya daraja hulia navyo kwa noti zao zisizo na mpango. Kwenye mandolini vipande hivyo ni virefu kiasi cha kusikika waziwazi. Piga noti moja, izime ghafla kwa kiganja, nawe utavisikia vikiendelea kulia. Ukanda wa ngozi laini au wa kitambaa kizito uliopitishwa kati ya nyuzi hizo, kati ya daraja na mkia, yaani mahali nyuzi zinapofungiwa mwishoni mwa ala, huvinyamazisha. Kwa upande wa kichwa, kati ya funguo na kidaraja cha shingoni kinachopokea nyuzi, kuna vipande vifupi zaidi, na kwa kuwa viko jirani kabisa na tyuna vinaweza kuivuruga kuliko vile vya nyuma. Kuvifunika kwa kidole wakati wa kusoma kunatosha kuthibitisha kama ndivyo vyanzo.

Kisha kuna uzi wenyewe. Uzi uliopata kutu, uliopondwa na freti au uliolegea mzingo wake wa waya hauna uzito sawa katika urefu wake, na hamoniki zake haziendani na noti ya msingi. Hakuna namna ya kubana itakayotuliza mshale kwa uzi kama huo. Ikiwa nyuzi saba zinasomeka vizuri na mmoja tu unayumba popote tyuna inapohamishiwa, badilisha uzi huo, na ikiwezekana badilisha jozi nzima, kwa kuwa uzi mpya na wa zamani ni vigumu kukaa pamoja.

Mwisho, kelele. Ni kweli kwamba tyuna ya kubana huvumilia kelele za watu, lakini besi yenye sauti kubwa au ngoma iliyo karibu hutikisa sakafu, kiti, mwili wa mpigaji na ala yenyewe. Tyuna inayoonyesha noti wakati hujagusa uzi wowote inasoma mtetemo huo wa nje. Sogea mbali na spika, iinue ala isiguse kiti wala meza, zima nyuzi nyingine zote kwa kiganja, na usome.

Kila uzi una taa ya kijani, lakini jozi inayumba

Mpiga mandolini hutyuni nyuzi zote nane, kila mmoja unawaka kijani, kisha anapiga jozi ya E na kusikia sauti ikipanda na kushuka kama inayopumua. Basi anaishuku tyuna, au anamshuku mtengenezaji wa ala. Hesabu inaonyesha kwamba huenda hakuna aliyekosea.

Tuseme tyuna ina usahihi wa senti 1 juu au chini, kama nyingi zinavyodai. Uzi mmoja wa jozi unaweza kuwa senti 1 juu na mwenzake senti 1 chini, na wote wakakubaliwa. Tofauti yao ni senti 2. Kwenye noti ya A ya 440 Hz, senti 2 ni takribani nusu Hz, kwa hiyo sauti itapanda na kushuka mara moja kila sekunde mbili. Kwenye E ya 659.3 Hz tofauti hiyo hiyo ni robo tatu ya Hz, na mpando huwa mara tatu katika sekunde nne. Sikio hulitambua hilo mara moja. Kwenye G ni chini ya robo ya Hz, na noti hufa kabla mpando mmoja haujakamilika vizuri. Ndiyo maana malalamiko huwa kwa E na A, mara chache kwa G. Tyuna nyingine hazina hata usahihi huo kwenye kioo: taa ya kijani huwaka ndani ya eneo la senti tatu au zaidi kila upande.

Suluhisho halihitaji kifaa ghali zaidi, ingawa kifaa kizuri husaidia. Tyuna itumike kwa uzi mmoja wa kila jozi, ule wa pili ulinganishwe na mwenzake kwa sikio. Piga nyuzi zote mbili, sikiliza mpando na mshuko, na uugeuze ufunguo wa uzi wa pili polepole: mpando ukizidi kasi unaelekea kubaya, ukipungua kasi unaelekea kuzuri, na utakapotoweka nyuzi zimekuwa kitu kimoja. Kazi hii sikio huifanya kwa ukali unaoipita tyuna ya kubana, hata sikio la mtu anayedai hana kipaji cha muziki, kwa sababu hasikilizi noti iko juu au chini. Anasikiliza tu kama sauti inayumba. Jozi ikishatulia, hakikisha mara moja tena kwa tyuna kwamba haikuhama yote kwa pamoja.

Nyuzi wazi ziko sawa, lakini kodi hazipendezi

Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hufichua makosa ambayo tyuna haikuulizwa. Pengine hakuna kosa lolote. Tyuna hugawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, na mgawanyo huo ni mapatano: umbali wa noti tatu kuu, kama kutoka C hadi E, huwekwa kuwa senti 400, ilhali umbali ambao sikio huusikia umetulia kabisa ni takribani senti 386. Mpiga gitaa anayeurekebisha uzi wa B mpaka kodi moja ipendeze ataona kodi nyingine imeharibika. Wapiga fidla hutyuni kwa tano safi, yaani umbali kama wa kutoka G hadi D, ambayo ni senti 702 badala ya 700, kwa hiyo wakianzia A uzi wao wa G huonekana kwenye tyuna umeshuka senti 4 na uzi wa E umepanda senti 2. Wameacha hivyo kwa kujua. Mandolini, yenye freti zilizokwisha kugawanywa sawa, hufuata tyuna.

Kosa la kweli huonekana hivi. Tyuni uzi wazi, yaani usiobanwa kwenye freti yoyote, kisha ubane kwenye freti ya 12 kwa nguvu ya kawaida na usome. Inapaswa kuwa noti ile ile, oktava moja juu. Ikiwa imezidi, urefu wa uzi ni mfupi mno na daraja linahitaji kusogezwa kuelekea mkia. Ikiwa imepungua, lisogezwe kuelekea shingo. Daraja la mandolini halikugundishwa, hushikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, kwa hiyo huhama likigongwa au nyuzi zote zikitolewa kwa wakati mmoja. Kwa mandolini yenye uzi wa sentimita 35 hivi kutoka kidaraja hadi daraja, milimita moja ya kulisogeza daraja hubadili noti ya freti ya 12 kwa takribani senti 5. Aliyeona ziada ya senti 10 anatafuta milimita mbili, asisogeze nusu sentimita. Nyuzi zilegezwe kidogo kabla ya kusogeza, daraja lisimame wima bila kuinama kuelekea shingoni, na jozi ya G na ya E zipimwe kila moja, kwa kuwa upande mmoja unaweza kuhitaji zaidi kuliko mwingine. Anayebadilisha nyuzi abadilishe mmoja mmoja, na usumbufu huu hautamfika.

Ikiwa freti ya 12 iko sawa na freti ya kwanza au ya pili imezidi, daraja halina hatia. Mifereji ya kidaraja cha shingoni ni ya juu mno na uzi unavutwa sana kuifikia freti, kazi ambayo ni ya fundi mwenye tupa ndogo. Kabla ya kumwendea, jipime mwenyewe: bana kwa nguvu kidogo zaidi huku ukitazama kioo, uone jinsi kidole kinavyoweza kupandisha noti bila msaada wa kasoro yoyote.

Ilikuwa sawa, sasa imeshuka

Nyuzi mpya hunyooka kwa muda kabla ya kutulia. Nyuzi za chuma zikipata joto hulegea na noti hushuka, zikipoa hupanda, kwa hiyo ala iliyotoka nje penye baridi isityuniwe mpaka izoee chumba. Nyuzi nane za mandolini zinakandamiza uso wa mbao kwa nguvu nyingi, na kukaza jozi moja hulegeza kidogo nyingine. Mzunguko wa pili unahitajika daima, na baada ya kubadilisha nyuzi hata wa tatu.

Ukigeuza ufunguo na mshale usisogee, kisha ghafla ukaruka kwa mlio mdogo wa kukatika, uzi umekwama kwenye mfereji wa kidaraja cha shingoni. Risasi ya penseli iliyosuguliwa ndani ya mfereji huulainisha. Funguo zenye meno nazo huwa na ulegevu: ukiishusha noti hadi mahali pake na kuacha hapo, meno hubaki na nafasi ambayo uzi utaivuta baadaye. Shuka chini ya noti, kisha panda mpaka uifikie.

Peke yako uko sawa, ukiwa na wenzako huko sawa

Tazama namba iliyo kwenye kona ya kioo. Kiwango cha kimataifa ni A ya 440 Hz, na ndicho kinachopaswa kusomeka isipokuwa kuna makubaliano mengine. Baadhi ya okestra hutumia 442, tofauti ya karibu senti 8. Wapigaji wa muziki wa baroko, yaani wa Ulaya ya karne ya 17 na 18, mara nyingi hutumia 415, ambayo ni kama nusu toni chini. Na tyuna iliyowekwa 432 kwa kubonyeza kitufe bila kujua itaishusha ala kwa takribani senti 32, kiasi ambacho hakuna atakayekosa kukisikia.

Ala inakoroma, au kichwa kina alama

Mkoromo unaosikika kwenye noti fulani tu, na kutoweka tyuna inapotolewa, hutoka kwenye kiungo cha kifaa kilicholegea au kifuniko cha betri kisichofunga. Uzito wa tyuna kwenye kichwa chepesi unaweza pia kubadilisha kidogo jinsi noti chache zinavyodumu, jambo ambalo kwenye mandolini na ukulele husikika zaidi kuliko kwenye gitaa. Ala yenye vanishi ya nitroselulosi huhitaji uangalifu wa ziada, maana mpira wa kibanio ukikaa juu yake kwa muda mrefu unaweza kuilainisha na kuacha doa lisilofutika, hata ndani ya kasha lililofungwa. Kwa ala kama hiyo tyuna ibanwe, isomwe, kisha iondolewe kabla ala haijarudishwa kwenye kasha.